Kito cha Zanzibar Katika Madirisha ya Karantini

Mwaka 2020, milango ya dunia ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, palikuwa na mmea mmoja uliopata makao mapya katika vyumba vingi vya London, New York na Sydney. Majani yake ni mazito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, nayo yamejipanga pande mbili za kikonyo mithili ya unyoya wa ndege. Hauhitaji jua jingi wala hausumbui kwa kiu. Ukisahauliwa wiki tatu hauoneshi kinyongo. Wataalamu wanauita Zamioculcas zamiifolia. Wauzaji wa Marekani wameufupisha kwa herufi mbili tu, ZZ, ilhali huko Uingereza na Australia unauzwa kwa jina ambalo msomaji wa visiwani hawezi kulipita bila ya kusita: Kito cha Zanzibar.

Asili ya mmea huu ni upande wa mashariki wa Afrika, tangu Kenya na Tanzania, kupitia Msumbiji, hadi KwaZulu-Natal. Hupenda vivuli vya misitu mikavu na penye mawe. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka maji, na hiyo ndiyo siri ya ustahimilivu wake: ni mmea uliozoea kungojea mvua. Sifa hiyo ya kungoja ndiyo iliyouza. Mtu aliyefungiwa ndani, asiyejua atatoka lini, alitaka kiumbe kitakachokaa naye bila ya kumdai mengi.

Hapana shaka kwamba biashara ya mimea ilivuma katika janga lile kuliko ilivyotarajiwa na wenyewe wafanyabiashara. Walakini habari za mimea ya pwani hii kuchukuliwa na kuuzwa ughaibuni ni kongwe kuliko korona, na mahaba ya watu kwa maua wakati wa maradhi ni makongwe zaidi. Yafaa kuanza huko nyuma, maana yaliyotokea mwaka 2020 yalikwisha kuwa na mfano wake.

Mfano mashuhuri ni wa Uholanzi. Tulipu ilifika Ulaya katika karne ya 16 kutoka dola ya Waturuki, na jina lenyewe, wanavyoeleza wajuzi wa lugha, limetokana na neno la kilemba. Kufikia miaka ya 1630 matunguu ya tulipu yalikuwa yakiuzwa kwa bei za kustaajabisha katika miji ya Haarlem, Amsterdam na Alkmaar. Jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka ni kwamba miaka hiyo hiyo, 1635 hadi 1637, nchi ile ilikuwa imeingiliwa na tauni. Amsterdam peke yake, katika mwaka 1636, walifariki zaidi ya watu 17,000. Watu walikuwa wakizika mchana na jioni wakikutana katika vilabu kupatana bei za maua ambayo yalikuwa bado yamelala chini ya udongo.

Tarehe 5 Februari 1637 ulifanyika mnada katika mji wa Alkmaar. Matunguu yaliyouzwa yalikuwa mali ya Wouter Winkel, mwenye nyumba ya wageni aliyefariki mwaka 1636 na kuacha mayatima saba. Mnada ule ulifikia kiasi cha gilda 90,000, katika zama ambazo fundi stadi alipata kama gilda 300 kwa mwaka mzima. Siku mbili kabla, mjini Haarlem, wanunuzi walikuwa wamekwisha kugoma na bei zimeanza kuporomoka. Habari ilikuwa bado njiani. Hadithi za matajiri waliojitosa mtoni kwa hasara zimetiwa chumvi nyingi, na wanahistoria wa karibuni wamezipunguza sana. Lakini mayatima wale saba, tauni ile na bei ile si hadithi.

Kuna jambo jingine la kuliweka akilini. Tulipu zilizopigwa bei kubwa kabisa zilikuwa zile zenye michirizi, nyekundu au zambarau juu ya weupe, kama ndimi za moto. Ilichukua karibu miaka 300 kugundulika sababu ya uzuri ule: katika miaka ya 1920 ilithibitishwa kuwa michirizi ile huletwa na kirusi. Waholanzi, nao wamezungukwa na maradhi, walikuwa wakinunua ua kwa sababu ni gonjwa.

Turudi upande huu wa bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1820, wenye kitalu maarufu cha Loddiges huko Hackney, London, waliutangaza mmea ule wa majani ya kung'aa katika kitabu chao cha picha, wakaupa jina la Kilatini na kuudhania kuwa wa kabila jingine la mimea. Ni wakati ule ule ambapo tabibu mmoja wa London, Nathaniel Ward, alitambua kwamba mche ukifungiwa ndani ya sanduku la vioo hujinywesha kwa unyevu wake wenyewe. Mwaka 1833 alizipeleka sanduku mbili hadi Sydney na mimea ikafika hai. Tangu hapo mche uliokuwa ukifa kwa chumvi ya bahari ukaweza kuvuka bahari, na vitalu vya Ulaya vikapata mlango wa kuingilia misitu ya dunia nzima. Loddiges walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuzitumia sanduku hizo.

Zanzibar iliingia katika mlango huo kwa mkono wa John Kirk. Huyu alifika Unguja mwaka 1866 akiwa tabibu wa ubalozi wa Uingereza, akapanda hadi kuwa konseli mkuu. Wasomaji wengi wanamjua kwa mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa. Wachache wanamkumbuka kama mtu wa mimea, mwenye bustani Mbweni na barua zisizokatika kwenda Bustani ya Kifalme ya Kew. Alikuwapo mjini wakati kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa mwaka 1869. Mwenziwe katika kazi ya utabibu, James Christie, alichapisha kitabu mwaka 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, na humo akaifuatilia njia ya maradhi yale kutoka kaskazini, kupitia nchi ya Wamasai, hadi Pangani na kisha visiwani. Mji uliokuwa ukihesabu maiti ndio huo huo uliokuwa ukituma miche na mbegu London.

Mojawapo katika mimea aliyoituma Kirk ulikuwa ni mdogo, wa shina laini lenye maji, unaopenda kivuli na kuchanua mwaka mzima. Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa Kew, aliutangaza kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Aliyekuwa katika kiti wakati huo ni Sayyid Barghash. Vitalu vya Ulaya vikaupokea kwa pupa: ua lisilochoka kuchanua, linalokubali kukaa kwenye dirisha la nyumba ya masikini. Waingereza wa kawaida wakalipa jina la msichana mwenye pilikapilika nyingi, Lizzie. Baadaye ilibainika kwamba Hooker mwenyewe, mwaka 1868, alikuwa amekwisha kulipa ua hilo hilo jina jingine, walleriana, kwa ajili ya mmisionari Horace Waller. Sheria ya wataalamu wa mimea ni kwamba jina la kwanza ndilo lishikwalo. Basi Sultani akaondoshwa katika ua lake kwa kanuni za karatasi, miaka mingi baada ya kufa kwake, na watu mamilioni wanaolinunua kila msimu hawajui kwamba lilipata kuitwa kwa cheo chake.

Kisa cha pili ni cha Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani katika wilaya hiyo, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona mmea wa majani ya mahameli na maua ya rangi ya urujuani, ukiota katika nyufa za mawe karibu na mji na katika milima ya Usambara. Alimpelekea baba yake Ujerumani, baba naye akampa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, na mwaka 1893 likatangazwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka huo huo ua lilioneshwa Ghent, Ubelgiji, likawashangaza wajuzi. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ikaanza kuuza mbegu zake. Katika miaka ya 1920 wakulima wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina kumi, na kutoka hizo kumi ukaanza uzao wa maelfu ya aina zinazouzwa hadi leo.

Bwana huyo Saint Paul hakuwa mgeni wa lugha. Mwaka 1890, miaka miwili kabla ya kuliona ua, alikuwa amechapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Juu ya hivyo, katika jina la ua hakuna hata silabi moja ya lugha aliyoifundisha: nusu ni jina la ukoo wake, nusu ni Kigiriki. Wajerumani wa kawaida walikuwa waungwana zaidi kuliko wataalamu wao. Wao wanaliita urujuani wa Usambara mpaka leo. Na kama alivyofikwa Sultani, naye Saint Paul amefikwa: mwaka 2015 wachunguzi waliona kwamba ua lake ni la ukoo wa Streptocarpus, wakalihamishia huko, na jina la ukoo wake likabaki kwenye vibandiko vya madukani.

Isisahauliwe pia kuwa mwaka 1893, ua lile lilipokuwa likisifiwa Ghent, upande wa pili meli ilileta miche ya mkonge kutoka Florida. Richard Hindorf aliagiza 1,000, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga na kuwala watu migongo kwa zaidi ya nusu karne. Kilichotoka kilikwenda kupamba madirisha. Kilichoingia kilikuja na kazi ya sulubu.

Ndivyo hali ilivyokuwa hata kufikia tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Pigo la kwanza halikuwa neema kwa wauza maua. Katikati ya mwezi huo, kwenye soko kubwa la mnada la Aalsmeer, Uholanzi, mamilioni ya maua yalitupwa kwa kukosa mnunuzi, na huko Naivasha waridi zilizokwisha kukatwa zikafanywa mbolea, wafanyakazi kwa maelfu wakarudishwa majumbani. Sababu ni nyepesi kuielewa kwa mtu wa pwani. Ua lililokatwa ni la harusi, la maziko, la karamu, la mgeni. Mikusanyiko ikikatazwa, nalo halina kazi. Mche wenye mizizi ni jambo jingine. Huo ni wa mtu aliyebaki nyumbani.

Kwa hiyo waridi zilipokuwa zikioza, mbegu na miche vilikuwa vikigombaniwa. Kampuni ya Burpee ya Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilieleza kwamba Machi 2020 iliuza mbegu nyingi kuliko wakati wowote katika miaka yake 144, hata ikalazimika kusimamisha maagizo mapya kwa siku kadhaa ipate kupumua. Uingereza ilifunga maduka ya bustani tarehe 23 Machi, katika msimu ambao ndio mavuno yao ya mwaka, na wenye vitalu wakatazama miche ikipita wakati wake. Yalipofunguliwa tarehe 13 Mei, foleni za watu zilizunguka majengo. Marekani, utafiti wa chama cha taifa cha bustani ulikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 18 walianza kupanda mwaka ule. Vijana wa mijini wasiokuwa na hata kibaraza walijaza miche juu ya makabati ya vitabu. Ufilipino ukazuka msemo mpya wa kuwatania mama na baba waliokolea katika mapenzi hayo, na Indonesia bei ya mtambaazi mmoja wenye majani ya matundu ikawa gumzo la nchi nzima.

Bei nazo zikapanda kama zile za Haarlem. Katika mnada wa New Zealand, mwaka 2020, mche mmoja wa Rhaphidophora tetrasperma wenye majani manne uliuzwa kwa dola 8,150 za nchi hiyo, na mwezi wa Juni 2021 mwingine wa aina hiyo, wenye majani tisa ambalo la mwisho halijakunjuka vizuri, ukafikia 27,100. Na hapa tulipu inarudi. Kilichouza mche ule ni mabaka meupe, na weupe wa jani ni ukosefu wa ile rangi ya kijani inayoulisha mmea. Jani jeupe halijitafutii riziki. Linalishwa na ndugu zake. Kwa mara ya pili katika historia, watu waliokuwa wakihofia ugonjwa walilipia kwa dhahabu kasoro ya mmea.

Pwani hapa mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Mombasa ilifungiwa, hapana kuingia wala kutoka, tangu tarehe 8 Aprili hadi mapema Julai 2020, na Mji wa Kale ukawekewa kizuizi chake wenyewe kuanzia tarehe 6 Mei. Anayejua mitaa ile anajua maana yake. Asumini huchumwa alasiri, ikatungwa kabla ya magharibi, ikavaliwa usiku ule ule. Kesho imekuwa takataka. Kikuba cha asumini, mrihani na waridi hakingoji ruhusa ya serikali, wala hakuna sanduku la Ward linaloweza kukihifadhi. Harusi zilipozuiwa, biashara hiyo ya akina mama haikuwa na dirisha la kujihifadhia. Unguja nako ndege za watalii zilikatika tangu Machi hadi Juni, na mashamba ya viungo yanayoishi kwa kuwaonesha wageni mti wa mdalasini yakakosa wa kuwaonesha.

Mmea uliouzwa huku ulikuwa wa kunusa na kunywa. Tanzania, baada ya Rais Magufuli kuhimiza kujifukiza mwezi wa Aprili 2020, tangawizi, malimau, mchaichai na majani ya mkaratusi vilipata wateja ambao havijawahi kuwaona, na bei zikapanda sokoni. Mwezi wa Mei ililetwa kutoka Madagascar dawa ya kunywa iliyotengenezwa kwa mmea wa jamii ya pakanga, huku Shirika la Afya Duniani likionya kwamba haijathibitishwa. Ubora wa tiba hizo si mada ya makala haya. Linalohusu hapa ni kwamba ule ule msukumo, mtu mwenye hofu kukimbilia kwenye jani, ulitokea pande zote mbili za bahari, ila upande mmoja ulinunua jani la kutazama na mwingine jani la kuchemsha.

Je, katika fedha zote zilizomwagika kwa Kito cha Zanzibar, pwani ilipata nini? Jibu limo ndani ya mmea wenyewe. Jani moja la Zamioculcas likichomekwa katika udongo hujitengenezea kiazi, na kiazi hutoa mche, polepole, kwa miezi mingi. Mwenye jani moja ana shamba. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990, Asia nako ukalimwa. China wanauita mti wa fedha na kupeana kwa heri. Aina yenye majani meusi iliyopatikana Korea ya Kusini imesajiliwa kwa hataza Marekani, na kibandiko chake kinakataza kuizalisha bila ya idhini. Hakuna aliyehitaji kurudi Pemba au Kilifi kuomba mbegu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 uliozipa nchi haki juu ya mimea yake hauvigusi vilivyotoka kabla yake, na hivi vilitoka zamani. Hata baada ya mkataba huo, ripoti iliyochapishwa mwaka 2006 ilieleza namna kampuni moja kubwa ya mbegu ya Ulaya ilivyojipatia hataza ya maua yaliyozalishwa kwa kuchanganya Impatiens usambarensis, mmea wa Usambara na jamaa wa lile la Sultani.

Penye mimea isiyozalishwa kwa wepesi, hasara ilikuwa ya aina nyingine. Ufilipino maofisa walilazimika kuonya dhidi ya wizi wa miche katika misitu ya hifadhi. Afrika Kusini, katika majangwa ya Namaqualand, mimea midogo ya Conophytum, inayofanana na vijiwe na kuchukua miaka mingi kukua, ilichimbwa kwa magunia. Mipaka ilipofungwa mwaka 2020, wanunuzi wa kigeni hawakuja wenyewe tena. Waliagiza kwa simu, na wenyeji waliokosa kazi wakachimba. Zaidi ya mimea milioni moja imekamatwa mikononi mwa wachuuzi tangu mwaka 2019, na iliyopita bila ya kukamatwa haimo katika hesabu hiyo.

Bei kubwa hazikudumu. Maabara za Thailand, Uholanzi na Marekani zilijifunza kuzalisha katika chupa miche iliyokuwa adimu, na kuanzia mwaka 2023 baadhi ya aina zilizouzwa kwa mamia ya dola zilikutwa katika maduka ya vyakula kwa makumi tu. Kito cha Zanzibar hakikupanda mno wala hakikushuka mno, kingali kinauzwa.

Urujuani wa Usambara nao ungali unauzwa kwa mamilioni ya vyungu kila mwaka, na hakuna ua la ndani linalojulikana zaidi kwa mabibi wazee wa Ulaya. Katika makwao, jamaa zake kadhaa wamebaki katika vipande vya msitu vinavyohesabika, juu ya mawe yenye ukungu, na baadhi wamo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mti wa juu ukikatwa, jua hufika kwenye jiwe, na majani yale ya mahameli hukauka katika msimu mmoja.